Jasho la Vioo: Kulala Ndani ya Gari Wakati wa Kipupwe

Miezi ya Juni, Julai na Agosti inapofika, Nyanda za Juu Kusini huingia katika kipupwe. Mji wa Iringa uko kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Mbeya kama mita 1,700. Kwa hiyo usiku wa miezi hiyo huwa wa baridi kali. Huko Kitulo, ambako nchi huinuka hadi kama mita 2,600, si ajabu kukuta alfajiri majani yamefunikwa na umande ulioganda, yaani sakitu. Hali hiyo hulikumba sehemu kubwa ya eneo lililokuwa mikoa ya Iringa na Mbeya kabla ya kuundwa kwa mkoa wa Njombe mwaka 2012 na mkoa wa Songwe mwaka 2016.

Miezi hiyo ya baridi ndiyo pia miezi ya mazao kuwa safarini. Mahindi hukusanywa kutoka vijijini, na kahawa ya Mbozi huchumwa. Madereva na matingo wanaobeba mazao ya vyama hulala ndani ya magari: wengine wakisubiri zamu ya kupakia, wengine wakilinda mzigo Mafinga, Makambako au Uyole, na wengine wakiwa katika foleni ndefu ya Tunduma.

Wakiamka asubuhi hukuta vioo vyote vinatiririka maji kwa ndani. Blanketi limelowa pembeni, godoro lina unyevu kwa chini, na kioo cha mbele hakipitishi macho. Wengi hudhani kwamba baridi na umande vimepenya kutoka nje. Basi usiku wa pili huziba kila mwanya kwa matambara, na baadhi yao huingiza jiko la mkaa ili kupasha joto na kukausha vioo. Hapo ndipo jambo dogo la kufuta kioo linapogeuka kuwa jambo la uhai na mauti. Kwa sababu hiyo yafaa kila chama kifahamu maji hayo yanatoka wapi, na namna iliyo salama ya kuyaondoa.

MAJI YANATOKA NDANI

Kila mwenye kupika wali ameona jinsi kifuniko cha sufuria kinavyojaa matone kwa ndani. Hakuna aliyemwaga maji juu ya kifuniko. Mvuke umepanda kutoka chini, umekutana na kitu kilicho baridi kuliko wenyewe, nao umegeuka kuwa maji. Kioo cha gari ni kifuniko cha namna hiyo, na wanaotoa mvuke ni watu waliolala ndani.

Mtu mzima aliyelala hutoa maji kwa pumzi na kwa ngozi yake, hata kama hatoki jasho la kuonekana. Kwa kadirio ni gramu 40 hivi kwa saa moja. Dereva na utingo wake wakilala saa nane hutoa pamoja zaidi ya nusu lita ya maji. Anayeshangaa wingi wa maji anayoyakamua katika kitambaa asubuhi akumbuke hesabu hiyo.

Hewa nayo ina kiasi chake cha kubeba mvuke, na kiasi hicho hupungua kadiri inavyopoa. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye joto la nyuzi 20 za Selsiasi huweza kubeba gramu 17 hivi za mvuke. Ikipoa hadi nyuzi 10 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 9 hivi, na kwenye nyuzi 0 hubaki gramu 5 tu. Chukua chumba cha dereva, yaani kebini, chenye mita tano za ujazo. Hata hewa yake ikiwa na joto la nyuzi 20, mvuke wote inaoweza kuubeba hauzidi gramu 90, maji yasiyojaza nusu ya kikombe cha chai. Watu wawili hutoa karibu kiasi hicho kwa saa moja. Kebini ikifungwa kabisa, hewa yake hushiba kabla usiku haujakomaa, na kinachozidi hapo hakina pa kwenda ila kwenye vioo na mabati.

Mvuke huchagua vioo kwanza kwa sababu kioo ni chembamba, hakizuii baridi, na katika usiku usio na mawingu hupoteza joto lake kuelekea angani, kikawa baridi kuliko hata hewa iliyo nje. Ndiyo sababu jasho huwa jingi usiku ule ambao nyota zinaonekana vizuri. Baada ya vioo hufuata bati la paa na la milango. Maji ya huko hayaonekani kwa kuwa hujificha nyuma ya vitambaa, lakini ndiyo yanayoleta kutu, ukungu mweusi na hitilafu za nyaya za umeme.

Hali huwa mbaya zaidi kwa gari linalotoka Pwani. Hewa ya Dar es Salaam ni ya joto na ina unyevu mwingi. Gari likipita Ruaha Mbuyuni, likapanda Kitonga jioni na kufika Iringa usiku madirisha yakiwa yamefungwa, linakuwa limebeba kipande cha hewa ya Pwani hadi kwenye baridi ya milimani. Wenye gari wakiongeza makoti yaliyolowa, turubai bichi lililokunjwa nyuma ya viti na viatu vyenye tope, basi wameingiza ndani chanzo kingine cha maji.

JIKO HALIFAI KABISA

Jiko la mkaa hukausha vioo kweli. Mkaa ukiungua hautoi mvuke mwingi, na joto lake hupasha kioo hadi matone yakatoweka. Kwa hiyo aliyelijaribu mara moja akaamka salama huamini kuwa amepata dawa. Lakini mkaa unaoungua hutoa hewa ya sumu iitwayo monoksidi ya kaboni. Hewa hiyo haina rangi, haina harufu wala haiwashi macho. Ikiingia mwilini hujishikiza kwenye damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi, hata damu ikashindwa kubeba oksijeni. Aliye macho huanza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kuishiwa nguvu. Aliyelala huenda asihisi dalili yoyote, akapitiliza.

Kuna imani iliyoenea kwamba mkaa uliokwisha kukolea hauna madhara kwa kuwa hautoi moshi. Imani hiyo si ya kweli. Moshi ukitoweka kinachoondoka ni kile kinachoonekana tu. Sumu huendelea kutoka hadi makaa yazimike. Wengine husema kwamba inatosha kufungua dirisha kidogo jiko likiwa ndani. Hilo nalo si la kutegemea. Mwanya unaotosha kupunguza mvuke wa watu wawili hautoshi kuondoa sumu ya jiko katika chumba kidogo kama kebini. Neno la kushika ni moja: jiko la mkaa lisiingizwe ndani ya gari ambamo watu wamo, liwe linawaka au limebaki makaa, dirisha liwe wazi au limefungwa.

Jiko la mafuta ya taa na lile la gesi nayo hayafai. Licha ya hatari ya moto na ya sumu hiyo hiyo, huongeza maji yale yale yanayokimbiwa. Lita moja ya mafuta ya taa ikiungua huzaa mvuke unaofikia lita moja ya maji. Anayewasha jiko la namna hiyo ili kukausha kioo ni kama anayekausha sakafu kwa kumwagia ndoo nyingine.

Kuacha injini ikiunguruma usiku kucha ili kupata joto si njia njema pia. Hula dizeli ya chama, na bomba la kutolea moshi likiwa na tundu, moshi huweza kuingia ndani ya kebini.

Ikitokea watu wawili waliolala katika gari moja wameamka wote wakiwa na maumivu ya kichwa na kichefuchefu, isidhaniwe kuwa ni malaria au chakula cha jana. Watoke nje mara moja wapate hewa safi, na wapelekwe hospitali upesi. Mwenye kuwaokoa afungue milango yote kwanza, wala asikae ndani akijaribu kuwaamsha.

NAMNA YA KULALA SALAMA NA VIOO VIKAVU

Wahenga walisema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika gari la kulala ufa mmoja una faida, nao ni ule wa dirisha. Kwa kuwa maji yanatoka ndani, dawa ni kuyapa njia ya kutoka yakiwa bado mvuke. Hewa ya nje wakati wa kipupwe, ingawa ni baridi, hubeba maji machache. Ikiingia ndani na kupata joto la miili ya watu hunyonya mvuke na kutoka nao.

Yafuatayo yazingatiwe usiku:

(a) Fungua madirisha mawili ya pande zinazotazamana, kila moja kwa upana wa vidole viwili, ili hewa iingie huku na kutokea kule. Mwanya mmoja hausaidii sana, kwani hewa haipiti. Kama paa lina kifuniko cha hewa, kiinuliwe kidogo. Penye mbu, mwanya uwekwe kipande cha chandarua.

(b) Nguo mbichi, viatu na turubai vikae nje ya kebini, chini ya kifuniko cha mzigo au katika sanduku la vifaa.

(c) Chai na uji vipikwe na kunywewa nje, mbali na gari na mzigo. Jiko lizimwe huko huko, na makaa yamwagiwe maji.

(d) Joto litafutwe katika matandiko. Blanketi mbili, kofia ya sufu, soksi kavu na kitu cha kukinga baridi chini ya mwili humfaa mtu kuliko kuziba madirisha. Baridi nyingi hutoka chini, kwa hiyo anayeongeza blanketi juu bila kutandika chini huhangaika bure.

(e) Godoro lisilale moja kwa moja juu ya bati. Vipande vya mbao vilivyoachiana nafasi viwekwe chini yake ili hewa ipite, na asubuhi godoro lisimamishwe likauke.

(f) Kioo cha mbele kifunikwe kwa nje kwa turubai au gunia zito. Kifuniko cha nje huzuia joto la kioo lisipotee angani, nacho kioo hubaki na joto kidogo. Boksi likiwekwa kwa ndani huwakinga watu na baridi, lakini kioo kilicho nyuma yake hubaki baridi na huendelea kutoa jasho.

Wako wanaoweka mfuko wa chumvi au wa mkaa usiowashwa ili unyonye unyevu. Hakuna ubaya, lakini kiasi unachonyonya ni kidogo mbele ya nusu lita ya kila usiku. Mfuko huo usichukue nafasi ya dirisha.

Asubuhi kioo kifutwe kwa kitambaa safi cha pamba, na maji yakamuliwe nje. Maji yaliyofutwa na kuachwa sakafuni yatapanda tena kwenye kioo jioni ile ile. Kioo kiwe safi siku zote, kwa kuwa vumbi na mafuta ya vidole huufanya ukungu ushike upesi. Kupaka sabuni kidogo sana kwa ndani na kuisugua kwa kitambaa kikavu hadi isionekane huchelewesha ukungu. Maji ya moto yasimwagwe kamwe juu ya kioo chenye baridi, kioo hupasuka.

Injini ikiwashwa, kipuliza hewa kielekezwe kwenye kioo, na swichi iwekwe pa kuingiza hewa ya nje, si pa kuzungusha hewa ya ndani. Gari lenye kiyoyozi huondoa ukungu upesi zaidi kiyoyozi kikitumika pamoja na joto, kwa kuwa kiyoyozi hukausha hewa. Na gari lisiondoke hadi vioo vyote viwe wazi. Dereva anayefuta tundu la ukubwa wa sahani na kuondoka anaona barabara iliyo mbele yake tu. Haoni mtoto wa shule anayevuka kutoka kushoto, wala mwenye baiskeli ya maziwa aliye pembeni. Alfajiri ya Uyole au ya milima ya Uporoto huwa na ukungu wake wa nje. Haifai kuuongezea wa ndani.

Katika nchi za Ulaya familia nyingi husafiri kwa magari yaliyotengenezwa kama nyumba, yenye vitanda na jiko. Magari ya namna hiyo yenye watalii hupita pia Iringa na Mbeya yakielekea Zambia au Kenya. Mengi yana madirisha ya tabaka mbili, na hita ambazo moshi wake hutolewa nje kwa bomba. Hata hivyo watengenezaji wake hawakuacha kuweka matundu ya hewa yasiyozibwa, na wenye magari huonywa wasiyazibe hata wakati wa theluji. Ikiwa penye vifaa vya gharama kubwa kiasi hicho tundu la hewa halikuachwa, basi lori la chama haliwezi kuishi bila hilo.

MZIGO NAO HUTOA JASHO

Kanuni inayotawala kebini hutawala pia mzigo ulio nyuma. Mahindi ni mbegu hai nayo hupumua. Yakipakiwa yakiwa na joto la mchana, kisha gari likalala Makambako chini ya turubai lililofungwa kwa kubana, mvuke hupanda, hukutana na turubai baridi, na hudondoka juu ya magunia ya juu. Hapo ndipo kuvu huanzia, na katika kuvu ndimo sumukuvu inamozaliwa. Mwaka 2016 sumukuvu katika mahindi iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa hiyo mzigo uliolowa si hasara ya fedha peke yake.

Kinga ya kwanza ni kupakia mahindi makavu, yenye unyevu usiozidi asilimia 13.5 kama viwango vya Afrika Mashariki vinavyotaka. Chama kisicho na kipimo kinaweza kuanza na chupa kavu ya kioo: tia mahindi, tia chumvi kavu, funga na utikise kwa dakika chache, kisha acha vitulie. Chumvi ikishikamana na kioo, mahindi yana unyevu unaozidi asilimia 15 hivi na hayafai kupakiwa. Chumvi isiposhika si hakika kamili kwamba kiwango kimefikiwa, lakini mahindi mabichi kabisa yatakuwa yamegunduliwa mapema.

Magunia yapangwe juu ya chaga za mbao. Gari likisimama mchana wa jua, turubai lifunuliwe ili mvuke utoke, na lifunikwe tena kabla ya umande. Karani anayepokea mzigo aanze na magunia ya juu na ya pembeni, kwa kuwa ndiyo hupata maji kwanza. Yaliyolowa yatengwe wala yasichanganywe na makavu.

WAJIBU WA CHAMA

Ni rahisi kumlaumu dereva aliyeingiza jiko ndani ya gari. Lakini chama kinachompeleka mtu kulinda mazao kwa siku tatu Tunduma akiwa na shuka moja hakiwezi kusema hakikujua kwamba atatafuta moto. Kabla ya msimu wa baridi, bodi ya kila chama cha msingi inapaswa kuhakikisha mambo haya:

1. Kila gari la chama linaloondoka kwa safari ya usiku lina blanketi mbili kwa kila mtu, godoro kavu, vitambaa vya kufutia vioo na turubai la akiba.

2. Vioo vinafunguka na kufungika, kipuliza hewa kinafanya kazi, na bomba la moshi limekaguliwa kuwa halina tundu.

3. Posho ya kulala inatolewa kabla ya safari, ili anayeweza kulala nyumba ya wageni asilazimike kulala garini, na walinzi wa mzigo wapeane zamu.

4. Gari la kukodi lipewe masharti hayo hayo, yaandikwe katika mkataba.

5. Katibu au meneja awasomee madereva na matingo maelezo ya hatari ya jiko la mkaa, wala asitosheke kubandika karatasi ukutani. Utingo mara nyingi ni kijana aliyeajiriwa msimu huo huo, naye ndiye anayetumwa kuwasha jiko.

Gharama ya mambo hayo ni ndogo. Blanketi hununuliwa mara moja na kutumika misimu mingi, na mwanya wa vidole viwili katika dirisha haununuliwi dukani. Jasho la kioo ni shahidi anayesema kila asubuhi kwamba hewa ya ndani haikutembea usiku. Shahidi huyo asikilizwe, dirisha lifunguliwe, na jiko libaki nje, ili mazao yafike makavu na waliotumwa kuyalinda warudi kwao salama.